Simu ya Kapteni Ndani ya Prado

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha mbele cha Probox.

Ya pili ilipita karibu na sikio la Akuac, ikatoboa kiti cha nyuma.

"Dada, hawa watu hapana mchezo," alisema Gune, akikata kona na magurudumu mawili.

"Endesha."

Mbele yao Prado nyeupe, dereva wake akifyatua kwa nyuma kupitia dirishani, ilikuwa inapasua soko la Jebel kama kisu kwenye siagi iliyoachwa juani. Karai la nyanya liliruka juu. Mwenye karai aliruka juu zaidi. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na jua la Juba lilishaanza kuchoma watu bila kuuliza majina.

"Nyoosha gari," alisema Akuac.

Gune alinyoosha.

Akuac alitoa nusu ya mwili dirishani, akashika Glock kwa mikono miwili. Tatu. Risasi tatu tu. Tairi la nyuma la Prado likapasuka, gari likayumba, likapanda rundo la changarawe na kwenda kugonga ukuta wa tofali kwa pua.

Mlango ulifunguka. Dereva akatoka na AK.

Akuac alikuwa ameshashuka. Alimpiga mbili za kifua kabla bunduki haijafika begani. Dereva akakaa chini taratibu, mgongo kwenye tairi, kama mtu aliyechoka na foleni.

Jina lake lilikuwa Both. Risasi moja ilikuwa imepita kwanza kwenye mfuko wa shati, ndani ya Tecno yake. Simu ilikufa kabla yake.

"Florence yuko wapi?" Akuac alichuchumaa.

Both alicheka. Meno yalikuwa mekundu. "Mtaa wa Hai Malakal," alisema. "Tafuta nyumba moja moja mpaka uzeeke. Ndege ikitua, yeye kwisha."

Halafu akaisha yeye.

Akuac alisimama na kupiga teke tairi zima. Florence alikuwa mpishi wa Kapteni, muuza silaha, kwa wiki tatu. Alikuwa pia mpelelezi, na aliyempeleka kwenye lile jiko ni Akuac. Alimwambia: wiki moja tu, dada yangu, halafu nakutoa. Jana asubuhi kinasa sauti cha Florence kilizimwa na mkono usiokuwa wake.

Alibonyeza Motorola, redio yake ya mkononi.

"Jikoni, hapa Pilipili."

"Sema, Pilipili." Ilikuwa sauti ya Mzee Santino, mkuu wao. Majina yote ya operesheni aliyatunga yeye, siku moja kabla ya chakula cha mchana.

"Nyama imeungua. Haisemi tena."

"Na Bamia?"

Bamia ndiye Florence. "Sijui iko sufuria gani. Hai Malakal, basi."

"Sikiliza, binti yangu. Wanajeshi wako kiwanja cha ndege, wamejificha. Watu wa Kapteni waliotangulia kupokea mzigo tumeshawafunga. Ndege inafika saa sita na droni arobaini za kulipuka. Lakini rubani hashuki bila kusikia sauti ya Kapteni. Akigeuza, tumekosa mzigo. Na mkivamia nyumba isiyo yenyewe, Kapteni atasikia, Bamia atakufa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usikosee nyumba."

Injini ya Prado bado ilikuwa inanguruma. Gune alikuwa ameshaingia ndani, amekaa kwenye kiti kilichorukiwa na damu ya Both bila hata kuifuta, anabonyeza kioo cha redio.

"Gune. Unatafuta nini?"

"Ngoja, dada. Redio hii mimi najua."

Kioo kilikuwa kimejaa Kijapani kitupu. Magari ya namna hiyo ndiyo Juba nzima inayoyaendesha: yametumika Japani, yamevuka bahari, yameletwa na lugha yao. Hakuna anayesoma. Watu wamekariri tu mahali pa vitufe, kama kipofu anavyojua nyumba yake. Kabla ya kuchukuliwa na idara ya usalama, Gune alifunga redio za magari mjini Arua kwa miaka minne.

"Ya tatu kushoto," alinong'ona peke yake. "Halafu hii kubwa. Halafu kubali. Wewe kubali tu kila kitu." Aliunganisha simu yake ili mtambo umfungulie orodha. Katikati ya herufi za Kijapani zilizokaa kama wadudu yakatokea majina mawili yanayosomeka.

BOTH TECNO.

KAPTENI.

"Muuza silaha mzima anaunganisha simu yake na gari?" Akuac aliuliza.

"Dada, hapa mtu akipanda gari, mlango hajafunga, anauliza wimbo. Kapteni ni kawaja, mtu wa nje, lakini amekaa Juba miaka sita. Amekuwa sisi."

Kwenye kanda za Florence, Akuac alikuwa amesikia rumba za zamani zikipigwa garini na yule mgeni akiimba juu yake vibaya. Aliangalia jina lile. Akaangalia barabara.

"Simu yake ikiwa karibu, gari litaishika lenyewe?"

"Yenyewe. Mita kumi, kumi na tano, hata kwa ukuta. Haiombi ruhusa."

"Toa tairi la akiba."

Dakika kumi na tano baadaye Prado ilikuwa na tairi jipya, Both alikuwa chini ya turubai akisubiri watu wa Mzee Santino, na wao wawili walikuwa wanaelekea Hai Malakal. Akuac alikuwa na risasi tisa.

Hai Malakal ina kuta. Ukuta, geti la bati, ukuta, geti la bati, waya wa miiba juu, tukuli mbili, vibanda vya nyasi, zinachungulia. Waliendesha mwendo wa mtu anayetembea. Mtaa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Spika hazikutoa hata pumzi.

Saa tano na nusu.

"Labda amezima simu," alisema Gune.

Akuac alikuwa anaangalia pembe ya kioo, mahali palipokuwa na alama ndogo ya buluu na maneno madogo. Aliinama akasoma.

"Gune."

"Naam, dada."

"Simba wa Arua ni nani?"

Simba wa Arua ilikuwa simu ya Gune mwenyewe. Aliiunganisha kule Jebel na hakuitoa, na redio ile ilikuwa na nafasi ya simu moja tu kwa wakati mmoja. Wamezunguka nusu saa wanajitafuta wenyewe.

"Malesh," alisema, kwa sauti ndogo ya kuomba msamaha. "Mkono umezoea, dada."

"Zima simu. Geuza. Tunaanza upya. Na Florence akifa, Simba, mimi nitakula wewe na singa zako."

Mtaa wa kwanza tena. Wa pili tena. Jasho lilikuwa linashuka kwenye shingo ya Akuac hadi kiunoni. Saa tano na dakika arobaini na saba.

Mtaa wa tatu, geti la buluu. Nyuma ya ukuta jenereta kubwa lilikuwa linanguruma kama lori linalopanda mlima.

Spika zikafanya *tik*.

KAPTENI, kilisema kioo.

Halafu mtu akaongea ndani ya gari.

"…ndiyo, mkuu, nimesikia, ndege iko hewani. Huyu mpishi nimmalize hapa hapa stoo? Mkuu? Rudia, jenereta inapiga kelele."

Gune alisimamisha gari mbele ya geti.

Kapteni alikuwa ndani ya nyumba, akimpigia mtu wake aliyekuwa stoo ya nyuma, uani humo humo. Kwa kelele ile, hata kuombana chumvi lazima upige simu. Na gari lilikuwa limemnyang'anya maongezi katikati. Sasa hivi amesimama na simu kavu sikioni, anaita hallo, hallo, anatukana mtandao.

"Mkuu? Nimpige risasi ama vipi?"

Akuac alimgeukia Gune. Kwa wiki tatu Gune ndiye aliyesikiliza kanda za Florence na kuziandika, na kwa wiki tatu alikuwa akiigiza sauti ya Kapteni ofisini mpaka Mzee Santino akatishia kumhamishia mbali, Kapoeta. Akuac alimfinya goti kwa nguvu zote.

Gune alikohoa. Huyu wa stoo alimjua pia kutoka kanda zile: Jacob. Sauti ikatoka puani, nzito, ya mtu anayetafuna kila neno.

"Sikiliza bwana. Mpishi mlete geti. Mzima."

"Mzima? Lakini sasa hivi umesema…"

"Sikiliza bwana Jacob. Mimi naongea mara ngapi?"

"Hapana, mkuu. Naleta."

Akuac alikuwa ameshashuka. Alibana mgongo kwenye ukuta, kando ya mlango mdogo wa geti, Glock kifuani. Risasi tisa. Ndani alisikia jenereta tu.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka kiasi cha uso wa mtu.

Florence alikuwa wa kwanza kuonekana. Mikono imefungwa kwa waya. Jicho moja limevimba likafunga. Nyuma yake alikuwa Jacob, mrefu, bastola mkono mmoja, simu sikioni mkono mwingine.

Na nyuma ya Jacob, mlango wa nyumba ulifunguka, Kapteni akatoka barazani kutafuta mtandao, simu mkononi, AK begani.

Aliwaona. Alipanua mdomo, akapiga kelele, mishipa ya shingo imesimama. Jenereta likameza kila neno. Jacob alimwona mkuu wake akifoka kwa mdomo, lakini sikioni mwake sauti ile ile ilikuwa inamwambia taratibu: "Sikiliza bwana. Fungua vizuri."

Jacob aliangalia simu. Akaangalia baraza. Akaangalia simu.

Zilikuwa sekunde mbili. Akuac alihitaji moja.

Alimpiga risasi chini ya shavu. Jacob alianguka na simu bado iko sikioni. Akuac alimvuta Florence kwa shingo ya gauni, wakaangukia nyuma ya tangi la maji kando ya geti, na hapo hapo AK ya Kapteni ikaanza kutafuna bati. Tangi lilitoboka mahali kumi. Maji ya moto yakawamwagikia.

Risasi nyingine zilipita mlangoni hadi kwenye Prado. Kioo cha mbele kikageuka maziwa. Gune alipiga yowe moja, akanyamaza.

"Uko peke yako?" Florence aliuliza, midomo imepasuka.

"Nilikuwa na Simba."

"Ulisema wiki moja."

"Najua. Lala chini."

Akuac aliinuka na kumwaga zote nane zilizobaki akikimbia. Moja ilimpata Kapteni paja, nyingine ikavunja kitako cha AK mikononi mwake. Kapteni aliitupa. Akachomoa panga lililokuwa ukutani, la kukatia majani.

Panga lilishuka. Akuac aliweka mkono. Chuma kiligusa mfupa, na kwa muda hakuona kitu ila weupe. Alimwingia tumboni kwa kichwa, wakaviringika vumbini, hadi miguuni mwa jenereta. Kapteni alikuwa mzito. Alimkalia, akamkaba koo kwa mkono wa kushoto, akainua panga kwa wa kulia.

Shati lake la kitani lilikuwa na mikono mipana, iliyofunguliwa vifungo kwa ajili ya joto.

Akuac aliukamata ule mkono wa panga na kuusukuma kando, kwenye mkanda wa feni.

Jenereta lilivuta kitambaa. Halafu likavuta kilichokuwa ndani ya kitambaa. Kapteni alipiga kelele, na safari hii ilisikika, kwa sababu injini ilikwama, ikatetemeka, ikatema moshi mweusi, ikazima.

Mtaa mzima ukanyamaza.

Katika ukimya ule Florence alikuja akichechemea, bastola ya Jacob kwenye mikono yake iliyofungwa. Alisimama juu ya Kapteni.

"Mchuzi wangu," alimwambia, "ulisema hauna chumvi."

Alimpiga moja, katikati ya macho.

Akuac alikuwa bado anatafuta pumzi wakati Prado ilipoanza kuita. Mlio wa simu ulijaa mtaa kupitia milango iliyo wazi. Simu ya Kapteni ilikuwa barazani, haijaumia.

Walisikia kitufe kikibonyezwa.

"Kapteni," alisema mtu, na nyuma yake injini za ndege. "Naona kiwanja. Nishuke?"

Halafu, kutoka ndani ya gari lililojaa vioo, sauti nzito ya puani, yenye maumivu kidogo.

"Sikiliza bwana. Shuka."

Gune alikuwa amelala upande kwenye kiti, bega limepasuka, shati jekundu hadi mkanda. Akuac alimfunga kwa kitambaa cha kichwa, akakaza kwa meno, kisha akafungua waya kwenye mikono ya Florence. Motorola ilikoroma.

"Pilipili, hapa Jikoni. Ndege imetua. Rubani ameinua mikono kabla hata hatujamwambia. Bamia je?"

"Iko mezani, Mzee."

"Asante, binti yangu," alisema Mzee Santino.

Florence alimsogeza Gune kiti cha pili, akaingia nyuma ya usukani, akasukuma vioo kwa kiwiko. Aliwasha. Prado ilikohoa, ikakubali.

"Hospitali," alisema. "Ingia, dada. Huo mkono utaanguka."

Akuac aliangalia mkono. Aliufunga kwa kipande cha gauni la Florence, akavuta fundo. Kwenye kioo cha redio jina la Kapteni lilikuwa bado linawaka.

"Hili gari lina mdomo mkubwa," alisema. "Linataja kila anayelipanda. Nyinyi nendeni."

Alitia Glock tupu kiunoni, akapita geti la buluu alipolala Jacob na kushika njia ya mtaa wa Atlabara kwa miguu, upande wenye kivuli.