Uzito wa Keren

Kambere alikata umeme, lakini treni haikusimama.

Mwanzoni hilo halikumshtua mtu. Kambere alikuwa fundi wa redio na simu pale Mususa, mtaa wa Butembo, na kile kichwa cha treni ya kuchezea, mfano wa ile ya dizeli, kirefu kama mkono wa mtoto, alikipata kwenye vitu chakavu vilivyotoka Ulaya. Treni ya kweli hakuwahi kuiona, maana mjini kwao hakuna reli. Alisugua magurudumu kwa alkoholi ili yashike umeme wa betri, akabadilisha mota, akatia ndani gurudumu zito, volant, lisaidie kichwa kuteleza umeme ukikatika. Reli aliizungusha sebuleni, chini ya meza, kando ya mkeka wa Keren, mtoto wao wa mwaka na nusu.

"Ni volant ile nilitiaka," alimwambia mkewe. "Iko nateleza muzuri."

Kahongya alikuwa akichambua maharage ya kuuza. Aliitazama ikizunguka tena, na tena, bila kupunguza mwendo, mpaka ikasimama mbele ya mkeka, taratibu, kama dereva anayejua kituo chake. Tangu siku hiyo ikawa inasimama hapo hapo.

Mwezi ule Keren alipopimwa kliniki, alikuwa amepungua. Kula alikuwa anakula. Nesi Élise alitoa dawa ya minyoo. Mwezi uliofuata mtoto akawa mwepesi zaidi, na Kahongya, akiinua kichwa cha treni ili afagie, nusura kimponyoke kwa uzito. Alikitundika kwenye mizani ya maharage. Hakuwa mtu wa hofu. Kila Jumapili baada ya misa alipima vyote viwili, kichwa na mtoto. Kilichopungua huku kilikuwa kimeongezeka kule.

Kambere alikiri kwamba magurudumu yalikuwa yakiteleza kila alipofunga mabehewa mengi, ndiyo maana aliyeyusha plomb, ile risasi nzito, kwenye mbabula ya makaa akaimimina ndani. Kidogo tu, kama kisanduku cha kiberiti. Mengine alisema ni mizani imezeeka.

Alasiri moja mvua ilinyesha juu ya mabati hadi mtu hasikii mwenzake, Kambere akiwa kazini na nyaya za betri zimekunjwa juu ya meza, na Kahongya alipotoka jikoni aliikuta treni inatembea, pole pole, mabehewa matupu yakilia kama yamejazwa magunia, na harufu ya matairi yaliyoungua ikatanda sebuleni, na chini ya kelele ya mvua akasikia minong'ono ya watu wengi wanaobanana, mmoja akikohoa, mwingine akiomba wasogee kidogo apate pa kukaa, na pale mkekani Keren, asiyejua hata kuomba maji, akajivuta upande, akajivuta tena, akiwapisha.

Kahongya alimnyakua mtoto, akaenda na mvua ile ile mpaka Vulamba kwa katekista Éphraïm, anayeombea watu waliopandwa na pepo.

Jioni ile, Kambere akiwa amerudi kazini, Éphraïm alifika kwao akakigusa kichwa kile kwa kidole kimoja, akakiondoa haraka.

"Baba Keren, hii plomb ulitoaka wapi?"

Kambere aliangalia sakafu. Alisema alikwenda Beni kutengeneza redio, akaona njiani lori lililokuwa limeungua pamoja na watu waliokaa juu ya mizigo. Kwenye rimu zake kulikuwa na zile plomb ndogo za kusawazisha magurudumu. Akazibandua.

"Bale batu hawakufikaka mwisho wa safari," Éphraïm alisema kwa sauti ya chini. "Beko banatafuta mutu mwenye atababeba."

Walikirudisha kule wote watatu, mtoto mgongoni. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari aliwacheka, akawauliza kama watu wazima siku hizi wanawekea midoli matanga. Walikifukia karibu na lile lori, Éphraïm akanyunyiza maji ya baraka, akawaombea wafu ambao hakuna aliyejua majina yao.

Siku ya kupima, uzito wa Keren ulikuwa umerudi wote. Na zaidi.

"Mama Keren, unamulishaka mawe?" Élise alitania, na Kahongya akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Alimfunga mgongoni, akashika njia ya nyumbani. Kwenye mwinuko kitenge kilianza kumkata bega. Hatua chache mbele ikambidi ainame zaidi. Shingoni alihisi pumzi ya mtoto, kisha nyingine, kisha pumzi nyingi, moto, zimebanana, na hapo ndipo alipoelewa kwamba wale wafu wa lori hawakuwa wakimla mwanawe. Walikuwa wakimpunguza ili wapate nafasi.

Alifikiria kumtua pale kando ya njia. Akafikiria nani angemwokota. Kisha akakaza fundo la kitenge.

"Munashukia wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Keren, ambaye bado hajaanza kusema, akajibu kwa sauti ya mwanamke mzima aliyechoka safari:

"Endelea tu, mama."

Kahongya akaendelea kupanda.