Ndege Wasiomo Kitabuni

Fundi cherehani huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na haya aliyasimulia mwenyewe, mkono kifuani.

Asubuhi moja alikuwa akipinda sketi za shule, akawaona ndege wawili wakijenga kiota chini ya paa, juu ya dirisha la chumbani. Hakuwa mjuzi wa ndege. Kwake kulikuwa na kuku, kunguru na "wale wengine". Lakini hawa walimvutia. Akaazima kitabu cha picha za ndege kwa mkutubi wa shule, akaketi na daftari: mdomo mfupi, miguu ya kijivu, mkia uliogawanyika. Akapekua ukurasa kwa ukurasa. Hawamo.

"Labda ni wageni, bado hawajapigwa picha," mumewe akamtania. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa miluzi. Alikuwa hanyoi ndevu bila kupiga mluzi.

Siku ya tatu, mluzi ule ule ulitoka kiotani. Wakacheka mpaka machozi. Kesho yake mwalimu akasimama mbele ya kioo, akabana midomo. Ikatoka pumzi tupu.

Kisha kikahama kikohozi chake. Kisha kicheko. Kila sauti waliyoidaka wale ndege haikumrudia mwenyewe. Hospitali wakammulika koo, wakasema liko salama. Fundi akamkimbilia mkutubi na daftari lake, akamng'ang'ania mkono kama mtu anayezama.

"Nitafutie kitabu kingine, nakuomba. Lazima wana jina."

Mkutubi akayasoma yale maelezo mara mbili. Akanong'ona, "Dada, mbona hujaandika wanakula nini?"

Fundi akafikiri. Wiki mbili nzima hakuwa amewaona wakila chochote.

Alirudi mbio. Mwalimu alikuwa kitandani, midomo ikicheza bila sauti. Na juu ya dirisha, sauti yake ilikuwa ikiita, taratibu, kwa jina la utani alilompa mkewe walipooana.

"Kidoti. Kidoti wangu."

Akatwaa ngazi. Mchana kweupe, watu wakipita zao. Mumewe akatoka, akamshika pindo la gauni, akitikisa kichwa: usivunje. Labda alijua jambo. Labda aliogopa kuikosa sauti yake moja kwa moja. Fundi hakumuuliza. Angejibiwa na nani?

Akapanda. Akatia mkono. Kiota kilikuwa na joto. Hakikuwa na yai. Hakikuwa na kinda.

Akaking'oa.

Ndege wakaruka pamoja, na sauti ya mumewe ikaenda nao juu ya mapaa, ikiita, ikififia, kama ya mtu anayeburutwa. Mwalimu akakaa chini palepale. Mpaka leo hajatamka neno.

Jioni simu ikalia. Alikuwa mdogo wake fundi, anayeishi mji mwingine, aliyejifungua wiki ile ile.

"Dada, shemeji yuko huku? Namsikia dirishani anakuita. Nikitoka simwoni. Kuna kiota tu, kimejengwa leo leo."

Fundi akamtazama mumewe, aliyeketi mbele yake.

"Na mtoto?" akanong'ona. "Mtoto yuko wapi?"

"Ninaye hapa. Leo katulia kweli, dada. Tangu saa tisa hajalia hata kidogo. Anafungua mdomo tu."