Kofia ya Chuma ya Sixten

Haya yalimpata rafiki yangu Sixten, mhunzi wa kisiwani Gotland. Alikuwa amefua kofia ya vita inayofunika uso mzima, akiiga moja iliyofukuliwa kaburini, ili aivae kwenye maigizo ya vita vya kale. Mchana mmoja wa baridi kali akaijaribu karakanani. Ndani ya kofia mlikuwa na giza, na mtu alikuwa akihema sikioni mwake. Akabana pumzi. Yule akaendelea kuhema.

“Gunvor, nivue!”

“Mwanamume mzima unaogopa sufuria!” Mkewe akacheka, akamfungulia mkanda, akaiweka kofia mezani.

Sixten akarudi nyuma hadi ukutani. Kwenye matundu ya kofia ile tupu mvuke ulikuwa ukitoka, ukikatika, kisha ukitoka tena.