Kivuli Kilichotoka Kinamasini

Jua lilikuwa linazama na wenzangu walishaondoka ofisini. Mimi sikuwa na haraka. Nyumbani hakukuwa na wa kuniuliza nimechelewa wapi.

Kazi yangu ni kuchora ramani kwa picha za setilaiti, zile kali zinazoonyesha hata paa la choo. Jioni ile nilikuwa nafuatilia kinamasi cha karibu na kwetu kinavyokauka. Kwenye picha ya zamani, katikati ya matete, nikaona kivuli cha mtu.

Kivuli tu. Mwenyewe hayupo.

Nikadhani ni uchafu wa picha. Nikafungua iliyofuata. Kimefika kando ya barabara. Nikafungua ya asubuhi ile...

Kimesimama uani kwangu.

Mama yangu alizama kwenye kinamasi kile akikata matete. Tulitafuta mpaka tukachoka. Hatukuzika kitu.

Nikampigia jirani yangu, mama mmoja ambaye mdomo wake haulali.

"Hebu chungulia uani kwangu. Kuna mtu?"

Nikasikia dirisha likifunguliwa.

"Mtu hayupo," akanong'ona. "Ila kuna kivuli mlangoni. Na huku jua limeshazama, mwenzangu. Usije."

Nilikwenda. Nilikuwa nimemngoja mama kiasi kwamba woga haukupata pa kukaa.

Uani hapakuwa na kitu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Ndani giza, na harufu ya tope bichi. Maji yakidondoka sakafuni. Tone... tone...

"Mama?"

"Abee, mwanangu."

Haikuwa sauti ya mama.

Sikumbuki nilivyofika kwa jirani. Kesho yake nilihama. Mkuu wangu wa kazi alizitazama zile picha, akasema kamera ina hitilafu, akaenda zake kunywa chai.

Sasa nimepanga chumba upande wa pili wa mji. Simjui hata anayelala nyuma ya ukuta wangu. Kila picha mpya ikiingia, naitafuta kwanza nyumba yetu. Kivuli bado kipo mlangoni, peke yake. Hakijanifuata. Kimesimama kama mtu anayemngoja mwenzake atoke kazini.

Na kuna jioni nafika kituoni, magari yanapita, nami nasimama pale nisijue nipande la upande gani.