Duara la Pili

"Chiriku, mtu wao yumo darasani. Hatujui ni yupi."

Sauti ya mkuu wake, Mjomba, ilitoka kwenye kidude kilichojificha sikioni. Chiriku akaokota chaki.



Mbele yake, wanafunzi themanini. Kiunoni, chini ya koti, bastola aina ya Glock 19.

Hakuwa mwalimu. Alikuwa jasusi, na saa nne ile alishika kipindi cha Profesa, mzee aliyebuni msimbo wa redio za jeshi. Maadui walipanga kumteka akimaliza kufundisha. Sasa Profesa alikuwa stoo ya vitabu, chini ya ulinzi. Kipindi kingeahirishwa, wangeshtuka na kutoweka.

"Profesa anaumwa," alisema. "Leo mko na mimi. Nadharia ya ukokotoaji."

Somo hilo aliwahi kulifeli, tena mikononi mwa Profesa huyohuyo. Mzee alikuwa amempa karatasi moja tu yenye mchoro. "Chora hii, mwanangu. Usijifanye mjuaji."

Akachora maduara mawili na mishale.

"Mashine inaanzia duara la kwanza. Ikisoma A, inahamia la pili. A nyingine, inarudi. Inakubali maneno yenye A za idadi shufwa."

Duara la kukubali huzungushiwa mstari wa pili. Akauzungusha.

Minong'ono.

"Samahani, mwalimu," alisema binti wa safu ya mbele. "Umezungushia duara la pili badala ya la kwanza. Hiyo inakubali idadi witiri."

Darasa likacheka. Jasho likamtiririka Chiriku mgongoni. Kweli, alikuwa amekosea.

Akainua macho.

Safu ya saba, mwanamume mmoja hakucheka. Alikuwa ameinama, ananakili kosa lilelile kwa makini. Wiki ya sita ya muhula, hakuna mwanafunzi wa kweli ambaye asingeliona.

Akanyoosha chaki kumwelekea.

"Wewe wa sweta ya kijivu, safu ya saba. Njoo urekebishe."

"Tumekusikia," Mjomba alijibu sikioni. "Tupe dakika moja."

Yule mtu akashuka polepole, mkono mmoja ndani ya begi. Akasimama karibu mno. Kitu kigumu kikamgusa Chiriku ubavuni.

"Mzee yuko wapi?" alinong'ona.

Dakika hakuwa nayo.

"Kila mmoja aandike jibu lake daftarini," Chiriku aliliambia darasa. 

Vichwa vyote vikainama. Jamaa akageuza macho, mara moja tu.

Chiriku akaukamata mkono wake na kuupigiza kwenye ukingo wa meza. Bastola ikaanguka. Kiwiko kikatua kooni. Kufumba na kufumbua, Glock ilikuwa inamtazama usoni.

"Lala chini."

Akalala.

Mlango ukafunguka. Wanaume wanne wa Mjomba wakamfunga pingu.

"Gari lao tumelikamata nje," alisema Mjomba sikioni. "Dereva ameshaanza kusema. Uko sawa?"

"Niko sawa."

Alitoka, akaingia chooni, akatapika. Akasukutua, akanyoosha koti, akashuka ngazi taratibu katikati ya wanafunzi wa madarasa mengine waliokuwa wakiwahi vipindi.

Hakuna aliyegeuka kumtazama.