Udongo wa Ukuta wa Babu Hood

Kila siku akitoka skuli, Rawya alikula, akabadilisha sare, kisha akateremka hadi mtaa wa kale. Kijiji chao kilikuwa milimani, upande wa mji wa Ibra, karibu na machimbo ya shaba. Huko mtaani ilibaki nyumba ya udongo aliyoijenga babu wa baba yake, Babu Hood. Zamani shaba ya kijiji ilipimwa katika ua wake kabla ya kupakiwa juu ya ngamia. Sasa hamkuishi mtu, na ukuta wa mbele ulikuwa ukimomonyoka. Wazee wa mtaa walikuwa wamesema kwamba usipotengenezwa kabla ya mvua, nyumba itavunjwa, isije ikawaangukia wapita njia.

Ami Marhun, mdogo wa baba yake, ndiye aliyejitolea kuukandika. Alifanya kazi machimboni na alirudi taabani, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Rawya alipewa kazi moja: kuulowesha udongo uliochanganywa na mabua ya ngano, na kuukanyaga kila siku mpaka uive, yaani ulainike na kushikamana.

Siku za mwanzo aliukanyaga. Kisha joto likazidi, miguu ikamuuma, na mitihani ikakaribia. Akawa anafika, anaumwagia maji kidogo, anakaa kivulini.

"Umeukanyaga, mwanangu?" Ami Marhun aliuliza jioni.

"Ndiyo, ami."

Ijumaa, baada ya sala, Ami Marhun aliukandika ukuta mzima. Alipomaliza, alikuwa amechoka hata kahawa hakuimaliza.

Wiki haikuisha. Walipokwenda kuutazama, udongo ulikuwa umepasuka na kubanduka vipande vipande. Ami Marhun aliokota kipande, kikavunjika mkononi. Akaketi chini, bado amevaa viatu vya machimboni.

"Marehemu baba alinifundisha kazi hii," alisema taratibu. "Nilidhani naijua. Kumbe mikono yangu imesahau. Bora niwaambie wazee waivunje nyumba."

Rawya angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku. Lakini hakuweza kumwona ami yake akijilaumu.

"Mikono yako haikusahau, ami. Mimi sikuukanyaga. Nilichoka, nikakudanganya."

Ami Marhun alikung'uta vumbi la udongo mkononi. "Siku yangu ya kupumzika imepotea," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Rawya zaidi. Kisha ami akainuka, akaanza kuukwangua ukuta. Rawya naye akachukua chepe.

Safari hii aliukanyaga udongo kila siku. Siku moja alishindwa kabisa, akampigia simu ami yake na kumwambia kweli. Ami Marhun alipotoka kazini alipitia huko, wakaukanyaga pamoja bila maneno mengi. Ulipoiva, Ami Marhun aliukandika ukuta upya.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Bibi Sheha, mama yake Ami Marhun, alikwenda nao kuutazama ukuta. Aliupapasa kwa kiganja. Ulikuwa umelowa, lakini mzima.

"Wazee wameuona," alisema. "Nyumba itabaki."

Rawya alishusha pumzi. "Nilikuwa nimechoka sana, bibi."

"Najua. Sote tumechoka, na kuchoka si kosa. Ukisema umechoka, utasaidiwa. Ukisema umefanya na hukufanya, unamtwika mwenzako uchovu wako juu ya wake. Haya, twendeni nyumbani. Ami yako hajalala tangu mvua ianze."