Upande wa Ndani wa Tairi

Kila Ijumaa akitoka shule, Paskalina alikuwa na kazi yake: kuosha matairi manne ya gari la baba. Alikuwa darasa la sita, na kwao kulikuwa pembeni mwa mji wa Karatu, njia ya kwenda Endabash. Baba yake, Lazaro, alikuwa dereva wa watalii. Wiki nzima alipanda na kushuka Ngorongoro na Landkruza yake kuukuu, na Ijumaa aliirudisha nyumbani ikiwa na udongo mwekundu hadi kwenye vioo.

Bodi aliosha baba mwenyewe. Matairi yalikuwa ya Paskalina, nayo yalikuwa na utaratibu wake. Usubiri kwanza yapoe, maana gari lililotoka kushuka mlima breki zake huwa za moto, na chuma cha moto hakimwagiwi maji baridi. Kisha utandike gunia, ulale chini, usugue kwa brashi na maji ya sabuni, nje na ndani. Huko ndani ndiko kwenye kazi hasa, maana tope hukauka na kugoma kutoka. Mawe yaliyonasa kwenye mifereji ya tairi uyatoe kwa kijiti, siyo kwa bisibisi. Halafu upitishe kiganja tairi zima, taratibu. Baba hakukubali kwamba kazi imekwisha mpaka aulize, "Umepitisha mkono?"

Sasa Ijumaa hiyo haikuwa kama nyingine. Kesho yake shangazi Bernadina, mdogo wake baba, alikuwa anaolewa. Gari hilo ndilo lingemtoa kwao Endabash hadi kanisani Karatu, na Paskalina alikuwa mpambe wake mdogo. Nywele zilikuwa bado hazijasukwa. Rafiki yake Salima, ambaye dada yake ndiye msusi, alikuja mbio kumwita.

"Wewe! Bado uko kwenye matope? Dada anasema ukichelewa hasuki tena."

"Matairi hayajaisha."

"Kwani nani atalala chini ya gari kwenye harusi? Osha nje tu, paka oili chafu. Yatang'aa mpaka ujione sura."

Oili chafu ilikuwepo, kwenye dumu nyuma ya banda, ile ambayo baba hupaka nguzo za uzio ili mchwa wasizile. Paskalina akaosha upande wa nje, akachovya tambara, akapaka. Salima hakusema uongo: matairi yalimetameta kama yametoka dukani. Paskalina akaenda zake kusukwa.

Jioni baba alirudi kutoka kikao cha harusi, macho yamemwiva kwa uchovu.

"Umeosha na ndani?"

"Ndiyo, baba."

"Umepitisha mkono?"

"Ndiyo."

"Asante sana, mama."

Uongo huo ulitoka laini kabisa. Na tuseme kweli, Paskalina alilala fofofo.

Asubuhi walikwenda Endabash. Uani kwa Bibi Martha, mama yake Lazaro, watu walikuwa wamejaa, na bi harusi alipotoka vigelegele vikapaa. Gari lilikuwa refu kwenda juu, na mlango wa nyuma uko karibu na tairi. Bernadina alipoinua mguu kupanda, pindo la gauni likajifuta kwenye tairi. Aliposhuka kutazama, weupe ulikuwa na mchirizi mweusi.

"Yesu na Maria!" Bibi Martha alipiga kelele. Vigelegele vikakatika.

Lazaro alichuchumaa, akagusa tairi kwa kidole, akanusa. "Hii ni oili. Nani kapaka?"

Paskalina alitamani ardhi immeze. "Ni mimi, baba."

"Oili inakula mpira, mwanangu. Na gauni la mwenzio ndilo hilo."

Akina mama walisema waliyokuwa nayo, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiiraqw, lugha yao ya nyumbani, ambamo walikuwa na mbio zaidi. Bibi Martha akaagiza sindano na uzi, akakunja doa kwa ndani na kulishona. Bernadina alisimama, machozi yanamlengalenga. Mwishowe mtu akasema padri anasubiri, na wote wakapanda.

"Lazaro," Bibi Martha aliuliza, "kule korongoni tutapita kweli na mzigo huu wa watu? Mvua imekula barabara."

"Tutapita, mama. Matairi yameoshwa na kukaguliwa nje na ndani. Paskalina kapitisha mkono."

Paskalina alisikia maneno hayo akiwa ameketi kando ya shangazi. Alishagombezwa mara moja, tena mbele ya watu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini baba alikuwa hajayatazama matairi yale kwa sababu alimwamini yeye, na humo garini alikuwemo shangazi, alikuwemo bibi, na mtoto wa jirani amepakatwa. Lazaro akatia ufunguo.

"Baba, usiwashe!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ndani sikuosha. Wala sikupitisha mkono. Jana nilikudanganya."

Lazaro akachomoa ufunguo. Watu wakashuka tena, safari hii bila vigelegele. Lazaro alivua koti la suti, akaomba gunia, akalala chini. Matairi ya mbele yalikuwa mazima. Kwenye la nyuma kushoto alibandua tope kavu kwa vidole, mara akatulia.

"Paskalina, njoo. Leta mkono wako."

Akalala kando ya baba na gauni lake la upambe. Kiganja chake kilipita kwenye mpira, kikakutana na nundu kubwa kama yai, na juu yake ufa ambao nyuzi zake zilikuwa zimeanza kuchungulia.

"Limegonga jiwe mahali," baba alisema. "Lingepasuka lini, mimi sijui. Lingeweza kuwa korongoni, na watu wote hawa."

Wanaume wakaleta jeki na tairi la akiba. Bi harusi aliwekewa kiti uani, pindo limekunjwa, akapewa ndizi mbivu. Alimtazama Paskalina aliyekuwa analia kimyakimya, akamsogeza karibu.

"Nyamaza, utaniliza na mimi. Doa litafuliwa. Na bwana harusi akishindwa kunisubiri, bora nijue leo."

Hata Bibi Martha alicheka. Lazaro alikuwa anakaza nati.

"Sikiliza, Paskalina," alisema bila kuinua kichwa. "Tairi hatulioshi ili lipendeze. Tunaliosha ili tulione. Jana ungeniambia hujamaliza, ningelala chini mwenyewe. Siyo tope lililonifumba macho. Ni neno lako."

"Na la leo?" Bernadina aliuliza kutoka kitini.

Lazaro alikaza nati ya mwisho, akafuta mikono. "La leo ndilo linalotufikisha kanisani."

Walifika wamechelewa, na padri alikuwa amekunja uso. Picha ya harusi sasa iko ukutani kwa Bibi Martha, na ukiitazama vizuri utaona gauni la Bernadina ni fupi upande mmoja.

Ijumaa iliyofuata Paskalina alikuwa chini ya gari, tope hadi kwenye nyusi. Viatu vya baba vikasimama kando ya gunia.

"Umeosha na ndani?"

Alitaka kusema ndiyo. Mkono ulikuwa unamuuma, na jua linazama. "Matatu nimemaliza na mkono nimepitisha. La mbele kulia bado, baba. Nimechoka."

"Hilo ndilo jibu," baba alisema. Akatandika gunia la pili, akakunja mikono ya shati, akalala chini kando yake.